Bosi Aliyekuwa Akifumua

Siku ya kuniaga kazini, nilipopewa keki na kipaza sauti, nilisema "ahsanteni" nikakaa. Vijana wa meza ya kukatia wakanung'unika kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu hawezi kuondoka kimya kimya, wakanitaka niandike. Haya, naandika. Anayetaka kujua nilianza na mshahara gani na nikamalizia na upi akaulize kwingine. Mimi nina habari za vitambaa, mikasi, na bwana mmoja aliyekuwa akikaa benchini mlangoni akifumua makosa yetu.

Karakana yetu, kwa wasioijua, iko ghorofani katikati ya Kariakoo, juu ya duka la vitambaa. Tunashona sare: za shule, za kwaya, za harusi, za wahudumu wa hoteli. Nilifika pale nikiwa msichana, natoka Magomeni, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole. Kabla ya hapo nilikuwa kwa fundi mmoja wa mtaani kwetu ambaye ukikosea alikurushia kopo la vifungo. Kwa hiyo nilijua bosi ni nini: bosi ni mtu wa kukwepa kopo lake.

Aliyenipokea ni Fundi Seif, mkataji mkuu, mzee mwembamba mwenye chaki nyuma ya sikio. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha cherehani yangu, ndoo ya maji, choo, na mahali pa kutundika mkoba. Kisha akasema, "Kitu kimoja tu, binti. Ukikosea usifiche. Mpelekee bosi." Alisema kwa upole kabisa, na mimi nikajiambia moyoni kwamba hapa sitamaliza wiki.

Kabla ya saa ya chai nikamwona fundi jirani yangu, Joyce, akiinuka na kaptula ya shule aliyoishonea zipu nyuma. Aliinuka huku anaimba. Akapita katikati ya cherehani zote, kila mtu anamwona na kaptula yake, mpaka mlangoni palipokuwa na benchi la mbao. Hapo amekaa mwanamume wa Kihindi, miwani imeshuka puani, wembe mkononi, sketi ya mtu mwingine magotini. Huyo ndiye Bwana Pravin, mwenye karakana. Nikainamisha kichwa nikingoja kopo liruke.

"Bosi, nimekuletea kichekesho," Joyce akasema.

Bwana Pravin akaigeuza kaptula mbele na nyuma. "Mtoto huyu anaivaa akienda shule au akirudi?" Akasogea upande. "Kaa. Ilikuwaje?"

Joyce akakaa, akaeleza kwamba mwanawe alikuwa na homa usiku kucha na yeye mgongo haukugusa godoro. Bwana Pravin alisikiliza huku anafumua, akauliza mtoto amepewa dawa gani, na amebaki na nani. Walipomaliza maongezi zipu ilikuwa imeshatoka. Joyce akarudi kwenye cherehani yake, na wimbo akaendelea nao pale alipouachia.

Mchana Fundi Seif akanieleza desturi ile. Kufumua, mnajua wenyewe, ndiyo kazi inayochukiwa kuliko zote katika ushonaji. Kwingine hupewa mgeni, au hupewa aliyekosea iwe adhabu yake. Bwana Pravin alirithi karakana kwa baba yake bila kurithi ufundi. Maishani mwake hajashona hata foronya. Alipoachiwa biashara akatafuta kazi anayoiweza, akaona ile isiyotakiwa na mtu iko wazi, akaichukua. "Wahenga wamesema mkubwa ni jalala," Fundi Seif akasema. "Huyu wetu amekubali kuwa jalala, tena na wembe juu."

Ofisi ilikuwepo, msidhani. Ilikuwa na meza, kiti cha kuzunguka na kalenda ya benki. Sisi tuliijaza maboksi ya vifungo, na kiti tukakipeleka kwa mama wa ovaloki, cherehani ya kufunga kingo za vitambaa, aliyekuwa na mgongo mbovu. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyeulizwa.

Ikawa nguo iliyokosewa inapita benchini kwanza, halafu inaenda meza ya pasi kwa Bi Tatu anyooshe alama za sindano, ndipo inarudi kwa fundi. Bi Tatu mnamkumbuka, mama wa maneno machache, pasi yake haikuwahi kuunguza hata uzi. Tena kwa kuwa makosa yote yalimpitia mkononi, Bwana Pravin alitujua kuliko ndugu zetu. Mshono ukianza kuyumba alijua nani hajalala. Uzi ukikatika kila hatua alijua cherehani ipi inataka mafuta. Siku moja alimwita Joyce akamwonyesha kola mbili. "Hii umeshona asubuhi, hii jioni. Ya jioni inapotea njia. Dada, nenda kapime macho." Joyce alichukia, akidhani anaitwa mzee. Alikwenda lakini, akarudi na miwani, akatazama huku na huku, akauliza tangu lini ukuta wetu ni mchafu namna ile.

Na alichoambiwa benchini kilibaki benchini. Nimemwambia pale mambo ambayo mama yangu mzazi hakuyajua, na sijawahi kuyasikia mahali pengine.

Si kwamba alikuwa malaika. Chai ya karakana aliisimamia mwenyewe na ilikuwa aibu. Feni lilikuwa moja, nalo lilipuliza ukuta. Alikuwa na kichekesho kimoja cha ngamia aliyekwenda kupimwa suruali, na kila mgeni akifika tulikisikia upya sote. Lakini nilikuwa nikiamka Magomeni asubuhi na kutamani kwenda kazini, na nimekutana na watu wengi, wengine na magari, ambao hawajui hisia hiyo ikoje.

Fundi Seif akanitoa kwenye cherehani akanifundisha kukata. Alinifundisha kunoa mkasi kwa jiwe, kushika kitambaa bila kukivuta, na kukitazama kabla ya kukigusa. "Kitambaa kina mbele na nyuma, kina juu na chini. Kiulize kwanza," alikuwa akisema. Nilicheka, mpaka aliponipa mahameli. Mahameli ina manyoya, nayo yanalala upande mmoja. Yakitazama chini, nguo inang'aa. Yakitazama juu, rangi inakoza. Kitambaa cha kawaida ukitandika matabaka mezani unakwenda nacho na kurudi nacho, unakunja tu. Mahameli hairudi. Unafika mwisho wa meza unakata, unatembea hadi mwanzo, unaanza tena, ili manyoya yote yatazame upande mmoja. Ni usumbufu, na ndiyo maana wakataji wa mahameli wana miguu mizuri.

Fundi Seif alipostaafu mkasi wake mkubwa ukawa wangu, na meza pia. Ndipo ikaja oda ya Mama Lyimo.

Mama Lyimo ana duka la vyombo vya jumla ng'ambo ya barabara. Ni Mchagga wa kwelikweli, sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa anamfanyia sendofu, sherehe ya kumwaga kabla ya harusi, binti yake wa mwisho, Neema, na akataka wanawake wote wa ukoo wavae magauni ya mahameli, rangi ya damu ya mzee. Wote, sare moja. Alituletea jora la mwisho la rangi ile lililokuwa Kariakoo nzima, akatuambia kwa ile sauti yake kwamba ndugu wanashuka kutoka Moshi na kwamba jina lake liko mikononi mwetu.

Wiki ile jirani yangu wa Magomeni akafiwa na mama yake, nikawa msibani. Mafundi wakakaa bila kazi wakinisubiri. Bwana Pravin akawaonea huruma, akainuka benchini, kwa mara ya kwanza katika historia, akatandika ile mahameli yeye mwenyewe. Akaitandika kwenda na kurudi. Kulwa, mkataji niliyekuwa nikimfundisha, mtu mzima mwenye mke na watoto, akakata.

Niliporudi, magauni yalikuwa yametundikwa dirishani, karibu yote yameshonwa, na mwanga wa asubuhi unayapiga. Nusu yalikuwa meusimeusi kama zabibu. Nusu yaling'aa utadhani yamepakwa mafuta. Sendofu ilikuwa keshokutwa.

"Kulwa, nani katandika?"

Kulwa akatazama dari. "Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Nani katandika?"

"Bosi mwenyewe. Bi Zuhura, kimenuka, najua."

Cherehani zikanyamaza moja moja. Kila mtu mle ndani aliwahi kubeba kosa lake hadi benchini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba la mwenye benchi. Kinyozi hajinyoi, na huyu wetu hatukujua atanyolewa na nani. Niliogopa, nasema kweli. Nimewaona mabosi wazuri wa maneno ambao siku kosa likiwa lao hulitafutia mtu wa kulibeba, na wa kulibeba alikuwa tayari: mkasi ulikuwa wa Kulwa. Kulwa naye alilijua hilo. Alikuwa ameshaanza kuuviringisha kwenye kitambaa, kwenda nao nyumbani.

Nikachukua gauni moja la kila namna nikaenda mlangoni.

"Bosi, sogea."

Akasogea. "Pole na msiba. Umeleta nini?"

"Nimeleta kosa."

"La nani?"

"Lako."

Akayapokea magauni, akayainua kwenye mwanga, akayageuza juu chini. Nikamweleza habari ya manyoya. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Nilikwenda nikarudi," akasema. Kisha akaita, "Kulwa!"

Kulwa akaja na mkasi wake kwapani.

"Uliona kwamba nimetandika vibaya?"

"Niliona, bosi."

"Kabla hujakata?"

"Kabla."

"Sasa mbona hukusema?"

Kulwa akajibu kwa sauti ndogo, "Si wewe ndiye bosi?"

Bwana Pravin akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Habari ya mahameli aliipokea vizuri tu. Ni hilo la Kulwa lililomchoma, na sote tuliliona linavyomwingia. Mwisho akamwambia Kulwa, "Rudisha mkasi mezani, nyumbani hakuna mahameli." Akainuka. "Zuhura, twende kwa Mama Lyimo."

"Tukamwambie nini?"

"Kwamba nimekosea. Nimewasikia ninyi mkisema miaka yote, naona si maneno magumu."

Tulivuka barabara katikati ya mikokoteni, yeye mbele na magauni mawili mkononi. Mama Lyimo alikuwa akigombana na mchukuzi juu ya sufuria lililobonyea. Alipotuona akafurahi, kisha akayaona magauni.

"Mama Lyimo, nimekosea," Bwana Pravin akasema. "Mafundi hawamo, ni mimi. Kila hasara ni yangu, na kama kuna namna ya kurekebisha tutakesha."

"Rangi mbili!" Wateja wakageuka. "Bwana Pravin, nimetangaza ukoo mzima, sare moja! Watu wanashuka kesho! Nitaweka wapi uso wangu? Leta kitambaa kingine!"

"Kingine kiko kwenye kontena bandarini, mama," nikasema, "na kontena halijui kama una sendofu."

Mama Lyimo akaketi juu ya sufuria lililofunikwa. Akaanza kuwahesabu ndugu kwa vidole, kwa sauti ya chini. Bwana Pravin hakujitetea wala hakuondoka. Alisimama pale na magauni yake kama mtoto aliyetumwa. Baada ya muda yule mama akanyoosha mkono, akalichukua lile linalong'aa, akajipimisha mbele ya sinia kubwa la bati.

"Yako nusu kwa nusu?" akauliza.

"Karibu nusu," nikajibu.

"Mashangazi wa Neema, upande wa mume wangu, wavae yaliyokoza. Mimi na dada zangu tuvae haya." Akajitazama tena, upande, nyuma. Sauti ikaanza kurudi. "Miaka yote nilitaka kuwatenga wale wanawake, sikujua pa kuanzia!" Akacheka mpaka mchukuzi naye akasahau ugomvi.

Tulialikwa sendofu, karakana nzima. Mashangazi waliingia kwa mstari wao uliokoza, wakicheza, na upande wa mama ukaingia unang'aa, vigelegele vikapasua ukumbi. Shangazi mkubwa alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba wao ndio waliopewa rangi ya heshima. Dada wa Mama Lyimo alinivuta pembeni nyingine akaniambia hivyo hivyo. Bwana Pravin, ambaye nyama hali, alikula ndizi na kachumbari, akacheza vibaya sana, na Neema akamkumbatia mbele ya watu wote.

Mngefikiri mambo yaliishia hapo. Jumatatu alipofika aliomba cherehani zizimwe. Hakusimama, alikaa pale pale benchini na sketi yake ya kufumua magotini.

"Nimekaa hapa nikijisifu kwamba kwangu kuko wazi," akasema. "Kumbe kulikuwa wazi kwa makosa yenu tu. La kwangu lilipita mbele ya macho ya Kulwa, akalikata kwa adabu. Sasa nataka kujua. Nini kingine hamjaniambia?"

Tukatazamana. Ni Joyce aliyeanza, maana miwani ilimpa ujasiri.

"Chai, bosi. Ile siyo chai. Ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani."

Mtu akakohoa kwa kicheko. "Ahaa," Bwana Pravin akasema. "Kingine?"

"Feni linapuliza ukuta, bosi. Ukuta hauna joto."

"Ahaa. Kingine?"

Kulwa akainua mkono. "Yule ngamia wako, bosi. Tushamsikia."

"Lakini mnachekaga!"

"Tunacheka kwa heshima."

Hapo karakana ikalipuka. Maneno yakawa yanatoka kila pembe: redio, dirisha lililokwama, ufunguo wa choo, na mimi mwenyewe nikasema langu la majora kuwekwa njiani. Masikio ya Bwana Pravin yalikuwa mekundu, lakini kila neno alilijibu "ahaa, kingine?" mpaka maneno yakatuishia. Akashukuru, akainama kushika wembe wake.

Bi Tatu akasimamisha pasi.

"Bwana Pravin," akasema, "unafumua vibaya."

Kicheko kikakatika. Bwana Pravin akainua kichwa. "Vibaya vipi, Bi Tatu?"

"Wembe wako unatoboa nguo. Kila inayotoka kwako naziba matundu kwanza, ndipo naipiga pasi. Bi Mwajuma aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa akiziba pia. Yeye ndiye aliyenionyesha."

Nawaapieni, hata mimi sikujua. Miaka yote ile, kitu kimoja alichojivunia, kazi aliyojichagulia kwa moyo mweupe, na kulikuwa na mwanamke nyuma yake mwenye sindano na uzi. Aliitazama ile sketi magotini, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukapenya kwenye tundu dogo, safi kabisa.

Akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, halafu kwa sauti, mpaka miwani ikaanguka na Kulwa akaiokota. Sote tukacheka, Bi Tatu naye, ambaye meno yake sikuwahi kuyaona. Machozi yalimtoka Bwana Pravin, na sitasema yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akasogea upande wa benchi.

"Kaa, Bi Tatu. Nionyeshe."

Bi Tatu akakaa. Akamnyang'anya wembe, akampa mkasi mdogo wenye ncha, akamwelekeza kukata uzi kwa kuruka hatua za mshono na kuuvuta kwa upande wa pili. Bosi wetu akainama juu ya sketi, ulimi umetoka nje kidogo, anajifunza.

Chai ikabadilika, feni likageuzwa. Ngamia amebaki, kwa kura. Nimewaacha mwezi uliopita, vijana wangu, na meza yenu haina tena bibi wa kuwafokea. Bwana Pravin yuko benchini, mzee sasa, na bado anatoboa nguo. Mwambieni.